Upindo wa Pini

Mimi ni fundi cherehani, na sipendi kufundishwa kazi yangu. Mteja akija kulalamika kwamba gauni linambana, kwanza namtazama tumbo, halafu ndipo naangalia mshono. Mara nyingi mshono hauna hatia. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilimkatia mtoto wa mdogo wangu gauni likatoka fupi mpaka magoti yote nje, mjue nawasimulia kwa hiari yangu, tena kwa raha zangu.

Mtoto mwenyewe tunamwita Pini. Jina lilianzia hapa hapa karakanani. Akitoka shule alikuwa anapita chini ya meza na sumaku, anaokota pini zilizodondoka, na kwa vile alikuwa mdogo wa umbo hakuhitaji hata kuinama sana. Halafu ukimchokoza anachoma. Mama yake ni mdogo wangu wa mwisho, na nyumba zetu zinatazamana, basi Pini amekulia miguuni pa cherehani yangu. Mimi ni Mamkubwa wake, na amri zangu anazitii zile anazozipenda.

Sasa, katika nguo za watoto kuna jambo moja ambalo fundi yeyote analijua: unaacha upindo. Kule chini ya gauni unakunja kitambaa cha kutosha, kiganja kizima kama mama wa mtoto ana akili, ili mtoto akirefuka unafumua, unashusha, maisha yanaendelea. Watoto wa mtaa huu nimewashushia pindo mpaka nimezichoka. Za Pini sikuwahi kushusha hata moja. Gauni linachakaa kwapani, linapauka mabegani, na upindo wake umelala mle ndani na rangi yake ya dukani. Siku moja akanijia na gauni mkononi, akasema, "Mamkubwa, usiniwekee tena upindo. Wa kazi gani?" Nikajifanya natafuta uzi. Tangu siku hiyo sikumwekea.

Ndugu walikuwa na majibu yao. Atarefuka tu. Baba yake naye alichelewa. Mpeni maziwa. Mawifi wa mdogo wangu ndio walinikera kuliko wote, maana wao walikuwa na uhakika kwamba mama yake alikula vibaya wakati wa mimba, na walilisema hilo mbele yake huku wakinywa chai yake.

Pini hakuwa mtoto wa kujificha. Hesabu zilikuwa zinampiga chenga, lakini mpe kitu asome kwa sauti, utaacha unachofanya usikilize. Ndiyo maana shuleni walimchagua kusoma risala siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Alipopanda jukwaani na kusimama nyuma ya mimbari, ile meza ndefu nyembamba ya kuhutubia, zilionekana nywele na macho tu. Ukumbi ukacheka. Mwalimu akakimbia kuleta kreti la soda, akampandisha, kreti likayumba, wakacheka tena. Pini akasoma risala yake mpaka mwisho bila kukosea neno. Lakini kuanzia hapo shuleni akaitwa Kreti, na nyumbani akaanza kuvaa suruali za kaka yake zilizokunjwa miguuni na sweta lililomfika mapajani, asionekane alipoanzia wala alipoishia.

Masikio ndiyo yaliyotufikisha hospitali. Yalikuwa yanamuuma kila mara, na mwalimu akasema hasikii vizuri akikaa nyuma. Daktari wa masikio akamtazama sikio, halafu akamtazama shingo, halafu akatazama nywele zilivyoshuka kisogoni, akatuandikia vipimo vya damu. Majibu yalipotoka tukapelekwa kwa daktari wa homoni za watoto, mama mmoja mrefu asiye na haraka, miwani inaning'inia kifuani.

"Hii inaitwa hali ya Turner," akasema. "Wasichana wengi wana kromosomu mbili za X. Huyu ana moja, ya pili haipo."

Mdogo wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikula nini, daktari?"

"Hukukosea kitu chochote. Hutokea tu, mwanzo kabisa, kabla hata hujajijua una mimba."

Nikamwomba alirudie hilo, maana kulikuwa na watu nyumbani waliohitaji kulisikia. Akalirudia, na mimi nikalibeba mpaka kwa mawifi kama lilivyo.

Daktari akaanza na moyo. Alisema mambo mengine yote yanaweza kusubiri, moyo hausubiri. Pini akapigwa picha ya moyo, wakaona valvu moja imeumbika tofauti kidogo, haina madhara kwa sasa ila itaangaliwa maisha yake yote. Figo zilikuwa salama. Masikio yangefuatiliwa. Kisha ndipo akaja kwenye kimo. Kuna sindano ya homoni ya ukuaji, akasema, unajichoma kila jioni kwa kitu kama kalamu, paja la kulia leo, la kushoto kesho. Ingefaa aanze mapema zaidi, ila mifupa yake bado haijafunga, bado inaweza kurefuka, kwa hiyo hatujachelewa. Baadaye kidogo ataanza estrojeni, homoni ya kike, kwa kibandiko kidogo cha kubandika kwenye ngozi, dozi ikipandishwa polepole, ili mwili wake uwe wa mwanamke na mifupa yake iwe imara.

Mdogo wangu akauliza, "Na watoto?"

"Tutalizungumza naye kadiri anavyokua, na hatutamficha," daktari akasema. "Huenda mayai yake mwenyewe yasiwepo. Wapo wanaobeba mimba kwa yai la kuchangiwa, kama moyo unaruhusu. Wapo wanaoasili mtoto. Huko ni mbele."

Pini alikuwa amekaa, miguu inaning'inia kitini. Akauliza swali moja tu. "Nikijichoma, nitaonekana nyuma ya mimbari?"

Daktari hakucheka, na hapo nikampenda. "Siwezi kukuahidi kimo," akasema. "Naahidi tutafanya kazi nzuri, mimi na wewe."

Mwanzoni Pini alijichoma kama askari. Kalamu ilikaa kwenye friji pembeni ya mboga, na ole wake aliyeigusa. Lakini kitu cha kila jioni kinachosha, hata kiwe kizuri. Na kibaya zaidi, sisi wenyewe tulimchosha. Mama yake alimsimamisha mlangoni kila Jumapili na penseli, anachora mstari juu ya mstari, mistari imebanana haieleweki. Mashangazi wakija wanampima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni. Mimi nami tepu yangu haitoki shingoni. Jioni moja akaiweka kalamu mezani, hakuivua hata kifuniko.

"Nimechoka kupimwa," akasema. "Kila mtu ananipima. Mimi siyo kitambaa."

Mama yake akambembeleza, akamtisha, akalia. Pini hakutikisika. Huyu mtoto akikaza shingo hata mimi namwacha, na mimi si mtu wa kuacha. Mwishowe akatoa masharti. Hakuna mtu kumpima tena, kwa penseli wala kwa tepu wala kwa jicho la umbea. Atajichoma mpaka siku ya kufunga shule, maana mwaka huu tena yeye ndiye msomaji wa risala. Siku hiyo atasimama nyuma ya mimbari bila kreti. Akionekana mdomo anaposoma, ataendelea na sindano. Asipoonekana, sindano basi, na asibembelezwe na mtu.

Mdogo wangu akaja kwangu roho mkononi. "Dada, akiacha sasa mifupa itafunga. Haitafunguka tena."

"Najua," nikamwambia. Nilijua, na niliogopa kama yeye. Lakini paja ni la Pini, siyo letu, na mtoto wa umri ule huwezi kumshika kila jioni kama mbuzi.

Daktari naye akayakubali masharti. Kwa ajili ya dozi ilibidi ampime, lakini alimpima Pini akiwa ameupa mgongo ubao wa kimo asione namba, na namba akabaki nayo mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameapishwa asiulize, akabaki kumsoma daktari usoni. Uso wa yule mama haukopeshi kitu.

Siku hiyo hiyo tukapitia chumba cha kupima masikio. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe limemkaa vizuri, mkono wa fundi mzuri niliuona pale begani. Alivuta kibenchi kwa mguu, akapanda, akachukua vifaa kwenye rafu, akashuka. Pini alimkodolea macho.

"Unanitazama nini?" mpimaji akamuuliza.

"Kibenchi," Pini akasema.

"Mimi pia," yule mama akasema. "X moja. Mimi nilijulikana nikiwa msichana mkubwa, wenzangu wote wameshavunja ungo, mimi kimya. Mifupa ilikuwa imeshafunga, sindano za kimo hazikunifaa. Nikapewa estrojeni." Akajipiga nyongani kidogo, juu ya koti. "Kibandiko kiko hapa mpaka leo. Moyo napimwa, sikio hili nina kifaa. Nina mume na binti wa kuasili. Binti ananizidi kimo na bado namtuma dukani."

Pini akafikiri. "Hicho kibenchi hakikuudhi?"

"Nakipanda nikitaka, nashuka nikitaka. Mtu hanipandishi." Akamvisha vipokea sauti masikioni. "Ila ningezipata hizo sindano nikiwa na umri wako, ningejichoma huku naimba. Haya, ukisikia mlio, bonyeza."

Jioni ile Pini alijichoma bila kuambiwa. Hakuimba, lakini hakununa. Nikamtania kwamba labda sasa ameghairi masharti. "Makubaliano ni makubaliano, Mamkubwa," akanijibu, na kalamu ikarudi pembeni ya mboga.

Ikaja zamu yangu. Siku ya risala ilitaka gauni jipya, na kitambaa Pini alikichagua mwenyewe, cha buluu iliyoiva, kipande cha mwisho dukani. Akakitandika mezani kwangu, akanikazia macho. "Bila tepu."

"Nitashonaje bila tepu?"

"Una karatasi yangu."

Kweli nilikuwa nayo. Ukutani kwangu zinaning'inia karatasi za kukatia, zile za kaki ambazo nimezichonga kwa vipimo vya wateja wa kudumu, na ya Pini ilikuwa na msumari wake. Ndiyo niliyokatia gauni lililopita na la kabla ya hilo. Fundi mwenye akili hamkatii mtoto kwa karatasi ya zamani, kwa sababu mtoto habaki alipo. Kosa hilo ni la mtu aliyezoea mtoto mmoja ambaye karatasi yake haikuwahi kuongopa. Nikaitungua, nikaipiga kwa kiganja kutoa vumbi, nikachora kwa chaki, nikakata. Kule chini nikafanya mkunjo mwembamba wa kumalizia tu, upana wa kamba ya kiatu. Upindo sikuacha, kama nilivyoagizwa.

Siku moja kabla ya kufunga shule, mchana, Pini akaja kujaribu. Karakanani nilikuwa na Bibi Vifungo, mzee wangu wa kushona vifungo na kupiga pasi, ambaye ulimi wake una ncha kuliko sindano zake. Pini akaingia nyuma ya pazia, suruali ya kaka yake ikatupwa juu ya stuli. Tukasubiri. Tukasubiri zaidi. Pazia likafunguka.

Magoti yalikuwa nje. Siyo kidogo, yote mawili, na sehemu ya paja. Mikono ya gauni iliishia kabla ya vifundo vya mikono yake. Kiuno kilikuwa kimepanda mbavuni.

"Mamkubwa," Pini akasema, akilivuta chini, "umeliharibu."

Mori ukanipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikachukua simu nikampigia muuza vitambaa, nikamwambia kitambaa chake kimerudi na kufupika kwenye pasi kama sweta la sufu, na kwamba ananifahamu vizuri nikikasirika. Akasema kitambaa kile hata ukikichemsha na maharage hakirudi. Nikampa vidonge vyake, nikakata simu. Nikamgeukia Bibi Vifungo. "Ulipiga pasi ya moto gani?"

"Ya kwako ya kila siku," akasema, sindano bado mdomoni. "Kabla hujatugombeza wote, lete karatasi."

Nikamvua Pini gauni, nikamfunika kwa khanga, nikalitandaza gauni mezani. Karatasi nikailaza juu yake. Bega kwa bega. Kiuno kwa kiuno. Chini kwa chini. Nikaibana na chuma cha pasi, nikainamia, nikatafuta tofauti kwa ukucha, sikuipata. Gauni lilikuwa sawasawa na karatasi, mkato wa mkono uliotulia, kazi safi kabisa.

Nikabaki nimeinama pale. Macho yangu yakaenda kwenye ile suruali ya stuli. Ilikuwa ikikunjwa mikunjo minono miguuni, mmoja juu ya mwingine, mpaka anatembea kwa kupepesuka. Sasa ulibaki mkunjo mmoja mwembamba. Mwenyewe alikuwa akikunjua kidogo kidogo kila ilipompanda miguuni, wala hakuwaza, wala mimi ambaye macho yangu ndiyo mkate wangu sikuona.

"Kitambaa hakijarudi," Bibi Vifungo akasema taratibu.

Pini akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Karatasi ni ile ile?"

"Ile ile."

"Na gauni ni sawa na karatasi?"

"Sawa."

Niliona wazo linavyomwingia, polepole, kuanzia machoni. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe," nikasema, na hapo nikalia. Mimi silii, muulizeni mtu yeyote, mazishi ya mume wangu niliyasimamia kwa macho makavu. Lakini nililia juu ya gauni fupi mpaka Bibi Vifungo akalisogeza lisilowe. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Pini alikuwa anarukaruka na khanga yake, anaangalia magoti yake, anayapiga makofi, na mama yake akaja mbio kutoka nyumba yao ya mkabala akidhani kuna aliyejichoma mkasi.

Tepu ilikuwa shingoni kwangu. Mdogo wangu akainyooshea mkono. Pini akamwahi, akaishika, akaitazama. Kisha akairudisha shingoni kwangu, akainyoosha vizuri pande zote mbili.

"Bado," akasema. "Kesho, kwenye mimbari. Magoti hayasomi risala."

Tukafunga kibwebwe. Upindo wa kushusha haukuwepo, na kitambaa cha buluu kilikuwa kimeisha, kwa hiyo nikachukua cheupe. Nikaunga mkanda mpana chini, mwingine kiunoni, na vipande viwili mikononi. Nimewashonea mabwana harusi na maaskofu, lakini sijawahi kushona kwa adabu kama ile. Jua lilipozama gauni lilikuwa limekwisha, na lilipendeza kuliko nilivyolikata.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mdogo wangu alinibana mkono mpaka pete ikaniingia. Mwalimu akatangaza risala, na kwa mazoea akainuka na kreti lake la soda, akaliweka nyuma ya mimbari. Baadhi ya watoto wakaanza kucheka mapema. Pini akapanda jukwaani na gauni lake la buluu na nyeupe. Akafika kwenye kreti, akalitazama, akalisukuma pembeni kwa mguu. Lilikwaruza sakafu na kila mtu akasikia.

Akasimama mahali pake. Niliona nywele. Niliona macho, kama mwaka jana. Nikashusha pumzi, nikatazama tena. Pua. Chini ya pua, mdomo. Chini ya mdomo, kidevu, kimegusa ukingo wa mbao kama mtu anayechungulia dirishani kwao. Hakuwa mrefu. Darasa zima lilikuwa bado linamzidi. Lakini mdomo ulionekana wote, na ulipofunguka, sauti ikaja pamoja nao.

Risala zote ni moja, mnazijua: vyoo havitoshi, madawati yamevunjika, tunamwomba mgeni rasmi atuangalie. Pini alivisoma vile vyoo mpaka mgeni rasmi akaacha simu yake. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza wakampigia makofi, na mdogo wangu alisimama juu ya kiti, mtu mzima na mkoba wake, nikamwacha.

Nje, chini ya kivuli cha ukumbi, tulimkumbatia kwa zamu. Mama yake akaanza kusema kitu kuhusu makubaliano. Pini akamwondolea shida.

"Twende nyumbani," akasema. "Leo ni paja la kushoto."

Tukaanza kuondoka. Akawa anatembea mbele yetu, ule mkanda mweupe unampiga miguuni. Halafu akasimama, akanisubiri, akanishika mkono.

"Mamkubwa, gauni lijalo uniwekee upindo."

"Kiasi gani?"

"Kiganja kizima," akasema. Akanyoosha kiganja chake, akakitazama, akakishusha akainua changu. "Chako. Siyo changu."